Jina Langu Lilikuwa Ndani ya Seva

Ijumaa moja saa kumi jioni niliona jina langu mara mbili ndani ya kompyuta moja.

La kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa jikoni kwangu Birongo, mtoto mgongoni, laptopu juu ya ndoo niliyoifunika kwa ubao.

La pili lilikuwa Nyamira. Ndani ya ofisi iliyofungwa, mbele ya kompyuta yenyewe, kwenye kiti changu. Limekaa hapo tangu saa nne asubuhi.

Na mimi Nyamira sikuwa nimekanyaga tangu Jumatatu.

Hebu nianze pale panapoanzia, msije mkadhani nawauzia hadithi za majini.

Naitwa Persis, mama Mose. Kompyuta nilisomea darasa la jioni Kisii mjini, miaka miwili. Mchana nachuma majani chai ya watu, jioni naosha vidole ile rangi iishe, nakaa na wenzangu mbele ya skrini. Mwaka wa pili nilisoma tumbo likigusa meza.

Nikapata kazi kwa ushirika wa wakulima wa parachichi kule Nyamira. Kila Ijumaa natoa orodha ya kuvuna. Nani atavunwa Jumapili, nani Jumatatu, wakulima mia moja na arobaini. Lori linafuata hiyo orodha. Jina lako likikosa, matunda yako yanaozea mtini.

Orodha inatoka kwa programu iliyo ndani ya seva ya ofisi. Seva ni kompyuta tu kama zingine, ila hiyo haizimwi, na kila kitu cha ushirika kimelala ndani yake.

Shida ilikuwa Mose.

Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama sungura. Sasa ana miezi saba. Chupa amekataa. Kikombe amekataa. Kijiko anakitema huku anakuangalia machoni. Nikienda kazini anashinda njaa mpaka nirudi.

Nesi alimpima, akaniambia polepole, "Mama, huyu anapungua. Anakutaka wewe, si maziwa tu."

Nikampelekea bosi wangu hayo maneno. Madam Orpah si mtu mbaya, ila hapindi.

"Persis, nakupa Ijumaa moja," akasema. "Fanya orodha ukiwa kwako. Ikinifikia kabla ya saa kumi na mbili, utafanyia kazi nyumbani mpaka mtoto aache kunyonya. Isiponifikia, Jumatatu uwe kwa kiti chako, ama kiti kipate mtu mwingine."

"Sawa, madam."

"Na saa kumi na mbili nazima simu. Sabato inaingia, haingojei mtandao."

Kwa hivyo mnaona. Orodha isipofika, nachagua mtoto wangu ama kazi.

Mwalimu wangu wa darasa la jioni, Duncan, ndiye alinitengenezea njia. Kuna huduma inaitwa xrdp. Unaingia kutoka mbali, na ile skrini ya seva inakuja kwako nzima, na vitufe vyake, kana kwamba umekaa mbele yake. Jumanne tulijaribu kutoka dukani kwake Kisii. Ikafunguka bila neno.

Ijumaa asubuhi, saa moja, stima ikapotea Birongo.

Laptopu yangu ni ya mkono wa tatu. Betri ni pambo tu. Nikakaa nikiangalia balbu kama mtu anayengoja mgeni. Stima ilirudi saa nane mchana.

Saa nane na robo nikaandika jina langu, nikaandika paswadi.

Skrini ikawa nyeusi.

Nikangoja. Nyeusi. Halafu ikanitupa nje.

Nikarudia mara sita. Inanikaribisha, inanionyesha giza, inanifukuza.

Nikampigia Duncan.

"Mwalimu, inakubali paswadi halafu inaniletea giza."

"Giza aina gani?"

"Giza ni giza, mwalimu."

"La. Kuna giza la mtandao na kuna giza la seva. Ile njia ya maandishi matupu, ya kuandika amri, inafunguka?"

Nikajaribu. Ikafunguka.

"Basi seva iko hai na mtandao uko sawa. Ugonjwa uko kwa picha tu. Tulia, tuutibu."

Lakini ile programu ya orodha haijui maandishi matupu. Inataka madirisha na vitufe. Bila picha, hakuna orodha.

Tukaizima xrdp, tukaiwasha upya. Giza.

Tukaangalia kama diski imejaa. Haijajaa.

Kuna faili fulani ndogo huwa inaharibika kimya kimya. Tukaifuta. Giza.

Mose akaanza kulia. Nikamnyonyesha kwa upande mmoja, nikaandika kwa mkono mmoja. Duncan akawa ananisomea amri herufi moja moja kama anasomea mtu mgonjwa.

Saa tisa na nusu simu ikaita. Madam Orpah.

"Naona kimya."

"Inakuja, madam."

"Inakuja ama unaileta?"

 Akakata.

Hapo machozi yakatoka yenyewe. Nilijua nikikosa hii, nitarudi kwa kile kiti, na jioni nitapata mtoto amelala kwa uchovu wa kulia. Ama nitaiacha kazi, na ile miaka miwili ya kusoma usiku itakuwa kitu cha kuhadithia tu.

Duncan alipopiga tena akanisikia nikivuta kamasi. 

"Persis, hebu andika *who*. Tuone nani yuko ndani."

Nikaandika. Ndipo nikaliona jina langu mara mbili.

"Moja ni mimi," nikasema. "Hili lingine?"

"Hilo ni mtu amekaa Nyamira mbele ya mashine, ameingia kama wewe. Seva haiwezi kukupa meza mbili kwa jina moja. Ndiyo maana unapata giza." Akashusha sauti. "Nani yuko hiyo ofisi?"

Ijumaa huwa niko peke yangu ofisini; nisipoenda, haifunguliwi. Ufunguo anao mtu mmoja, mtunza stoo.

Mtunza stoo ni baba mkwe wangu.

Sasa wale wasio wa huku Gusii wanisikilize vizuri. Kwetu baba mkwe hakanyagi nyumba ya mwanawe. Hata kama chungu kinaungua, atasimama nje aite. Kati yake na mke wa mwanawe kuna heshima tunaiita chinsoni. Maneno yanakuwa machache, macho yanaangalia pembeni. Mzee Angwenyi, ambaye mimi namwita Tata, tangu niolewe hajawahi kuniambia maneno yanayozidi kumi kwa mpigo.

Lakini nilikuwa nimemsikia siku moja ng'ambo ya migomba, akimwambia mama mkwe wangu, "Kazi ya kuangalia kioo ni kazi gani? Mtoto anakonda."

Hilo lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikampigia.

"Tata, pole kwa kukusumbua. Kuna mtu ndani ya ofisi?"



"Hakuna."

Na nyuma ya sauti yake nikasikia tap. Kimya kirefu. Tap.

Ile kibodi naijua. Kitufe chake cha nafasi kinalia kama kifuniko cha soda.

"Hakuna mtu ameshika kompyuta, Tata?"

"Hapa hakuna mtu, mama Mose. Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya."

"Haya." Akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Mzee wa kanisa. Anayefunga kila maombi pale nyumbani. Amenidanganya, na ananiuliza kuhusu mtoto.

Nikaangalia programu zilizofunguliwa kwa jina langu. Ilikuwa moja tu. Ile ya kuandikia barua.

Akili yangu ikamaliza hadithi yenyewe. Anamwandikia Madam Orpah. Anasema huyu msichana hawezi, mrudisheni nyumbani alee mtoto. Anaandika kwa jina langu, kwa kiti changu, na kwa kukaa pale tu ananifungia mlango. Ushindi mara mbili.

"Kiue hicho kikao," Duncan akasema nilipompigia tena. "Amri moja tu. Atatolewa, wewe utaingia."

"Na anachoandika?"

"Kama hakuhifadhi, shauri yake."

Ningeweza kumpigia tena. Lakini utamwambiaje baba mkwe kwamba amedanganya? Mdomo unaanzia wapi? Nilibaki hivyo karibu saa nzima, nalia, nafuta, nanyonyesha, najaribu tena ile njia, napata giza.

Saa kumi na moja na dakika tano nikaandika amri ile.

Niseme ukweli, sikuibonyeza kwa huzuni. Niliibonyeza kwa hasira, kama mtu anayefunga mlango kwa teke. Nikajua huko Nyamira skrini imemzimikia usoni.

Nikaingia. Picha ikaja yote, na vitufe vyake.

Nilifanya kazi kama mwizi. Mose alilala mgongoni. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane orodha ikaenda.

Jibu likaja kabla sijapumua. "Imefika. Utafanyia kwako. Sabato njema."

Ningetoka hapo, hadithi ingeishia hapo, na mimi ningekuwa shujaa.

Lakini nilitaka kujua alikuwa ananisema vipi. Nikafungua ile programu ya kuandikia. Ikaniuliza kama irudishe kazi ambayo haikuhifadhiwa. Nikakubali.

Haikuwa barua.

Ilikuwa herufi kubwa kutoka juu mpaka chini.

JUMAPILI. NYANCHOKA WA DARAJANI. DUKE KIJANA WA FUNDI. MJANE WA OMBUI. MWALIMU MWENYE MGUU.

Ilikuwa orodha. Orodha yangu ya kuvuna. Bila namba za wanachama, bila programu, majina tu vile yeye anawajua watu wanaoleta matunda stoo. Majina hamsini na nane. Nikahesabu masaa. Kutoka saa nne asubuhi, kidole kimoja.

Mstari wa mwisho uliishia katikati. ANYONA WA KW.

Pale ndipo nilipomkata.

Nikiwa bado nimeiangalia, Mama mkwe, Nyanchera, akaja mlangoni. Hakukaa.

"Tata yenu amerudi na bodaboda," akasema. "Amekaa nyuma ya boma, chakula amekataa. Anasema kompyuta imemfukuza. Anasema ilijua si mwenyewe."

Nikaifunga laptopu.

"Asubuhi stima ilipopotea alisema, leo kazi ya huyu mtoto imeharibika. Akachukua kofia. Paswadi aliikuta kwa ile karatasi umebandika chini ya meza."

"Mama, mbona aliniambia hakuna mtu?"

Aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini maji yanateremka.

"Angesema nini? Kwamba ameingia kwa jina la mke wa mwanawe? Persis, kwake hilo ni kama nyumba yako. Anasema alisimama mbele ya ile mashine kitambo, kofia mkononi, kabla ya kubonyeza. Na alipokuwa ndani akaona aibu kutoka mikono mitupu."

"Lakini alisema kazi ya kioo ni kazi gani."

"Huyo? Hajui kusema mema kwa sauti. Miaka arobaini nangoja aniambie ugali ni mtamu." Akamrekebishia Mose shuka. "Orodha iliendaje?"

"Ilienda, Mama."

"Basi nitamwambia. Labda atakula."

Alikula, nikaambiwa. Lakini siku nzima ya Sabato alipita mbali na mlango wangu kuliko kawaida, kama mtu mwenye deni.

Sijamwambia mpaka leo kwamba si kompyuta iliyomfukuza. Mama pia sijamwambia. Nimewaambia nyinyi kwa sababu hamlijui boma letu.

Jumapili nilifanya kitu kimoja. Nikaomba ruhusa kwa Madam Orpah, nikaingia kwa seva, nikafungua jina jipya: angwenyi. Nikaandika maelezo kwa karatasi kwa herufi kubwa, namna anavyopenda, nikampa Mama ampelekee.

Mama alikwenda, akarudi.

"Anauliza, hilo jina ni lake peke yake?"

"Mwambie ni lake. Akishabadilisha paswadi, hata mimi sitaijua."

Akaenda. Akarudi tena, anajizuia kucheka.

"Anasema haya. Na anasema yeye hatabandika karatasi chini ya meza."

Ndugu msomaji, wenye kompyuta wachukue hili: mashine ikikuonyesha giza, kabla ya kufuta faili na kuomba radhi kwa Mungu, angalia kwanza nani amekaa ndani.

Na sisi wengine tuchukue lingine. Ukimkuta mtu kwenye kiti chako, usikimbilie kumwondoa. Muulize amekuja kukufanyia nini, na akinyamaza, muulize tena kwa njia nyingine, hata kama ni kupitia kwa mama mkwe. Mimi nilikuwa na saa nzima ya kuuliza. Niliitumia kulia.