Kola ya Abakosti

Karibu, ndugu yangu. Kwako ninaweza kutoa maneno ya nyumbani bila kuogopa, basi sikia hii ya musichana mumoja wa kartie yetu, mutaa wetu wa hapa Kindu.

Ile miaka, vijana wengi wa kwetu walikuwa wanakaa bure. Masomo iliwashinda, wazazi hawana kitu, na mashimo ya zahabu ya kule Kama inawaita. Sisi wamama wa parokia tukapatana: kila mama mwenye kujua kazi achukue mutoto wa mwenzake, amufundishe. Sheria yetu ilikuwa moja: haumukaripii mutoto wa muntu kama hajakula kwako. Kwanza sombe, mboga ya majani ya muhogo, kisha maneno.

Mimi nilikuwa na mashini ya kushona. Kusoma nilijifunza ukubwani, magaribi, kwa masera, wale watawa wanawake wa parokia. Wakanipa ule musichana, yatima, koko yake, bibi yake, njo alimulea. Mudomo ya ule mutoto! Siku ya kwanza alimaliza sombe, akaangalia mashini yangu.

"Mama, hii ilikuja na Waarabu?"

"Ilikuja na mimi. Nawa mikono, ukae."

Akakaa. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu, Mungu asifiwe.

Kumbe mujomba wake akatoka Kama na kusema anamuchukua, akapikie wachimbaji. Tulijua wasichana wanarudi namna gani kutoka kule. Koko akalia. Mimi nikasali rozari, nikaenda kumuona mujomba.

"Papa, umwache kwetu."

"Mama, kule atakula. Hapa anajua nini?"

"Anajua kushona."

"Aya, anishonee abakosti ya kuvaa siku ya defile, tukipita mbele ya wakubwa wa chama. Ikikuwa muzuri, abaki. Ikiharibika, tunapanda kamyo ya kurudi Kama."

Akaleta kitambaa. Wakati ule chama ilikataza koti ya wazungu na kravati, ile tai ya shingoni; wanaume walivaa abakosti, koti ya kufungwa vifungo mpaka kwa koo. Musichana akaniambia, "Mama, uniache mimi mwenyewe." Nikamuachia mashini.

Siku ya Mungu, misa ilipokwisha, mujomba akavaa. Mabega ilikaa sawa kabisa! Kisha akagusa shingo. Kola ilikuwa wazi kifuani, masikio mawili imelala chini, kama koti ya wazungu. Mutoto hakuwa na abakosti ya kuangalia. Alifungua sanduku ya koko, akafuata koti ya marehemu koko mwanaume, karani wa zamani za Wabelgiji.

"Hii njo abakosti?" mujomba akapiga kelele. "Unataka wanifunge mbele ya wakubwa wa chama? Imebakia kravati tu!"

Koko akashika kinywa. "Yesu wangu! Bwana yangu amefufuka!"

Tukacheka, hata mimi. Musichana hakucheka.

"Mujomba, vua."

"Nivue nini? Twende kwa kamyo."

"Vua, nimesema. Na ukae, ukule kwanza."

Akamupa sahani ya sombe na samaki. Mujomba akashindwa kukataa, harufu ilikuwa imekwisha kumushika. Alipokuwa anakula, musichana akafumua kola mbele ya macho yake. Vidole vyangu vilitaka kunyanganya makasi, nikavifunga na rozari. Akageuza yale masikio kwa ndani, akapandisha vifungo mpaka kwa koo, akashona upya. Jua ilikuwa inashuka alipokata uzi.

Mujomba akavaa, akajiangalia kwa kioo ya dirisha, akageuka, akajiangalia tena.

"Mama, huyu mutoto ana kichwa nguvu."

"Ya koko yake," nikajibu.

"Hapana," koko akasema, "ya marehemu."

Defile ilipokwisha, mujomba akapanda kamyo peke yake. Ile kamyo iliporudi, dereva akatuletea kitambaa: rafiki ya mujomba naye anataka abakosti. Musichana akaipokea, akaniambia, "Mama, mara hii koti ya koko ibaki kwa sanduku."

Leo ana mashini yake, na kwa baraza yake kuna musichana wa muntu mwingine, mwenye mudomo vilevile.

Ndugu yangu, usikae na hii maneno peke yako. Ukienda Kailo, ukifika Lubutu, ukikuta mama mwenye kazi mukononi na vijana wanakaa bure mulangoni, umupe hii maneno. Na umuambie aanze na sahani.