Binti Aliyenipokea Stesheni

Wazee wa ukoo walinitaka nisimpokee tena nyumbani binti yangu aliyekimbia kukeketwa. Nilipaswa kukataa, lakini nilikubali.

Mwaka huu yeye ndiye aliyenialika Dar es Salaam. Nilipanda basi Tarime hadi Dodoma, kisha treni ya umeme, nikihofu hatakuja kunipokea. Alinikuta ndani ya stesheni, nimegoma mbele ya ngazi zinazojiendesha.

“Shikamoo, baba. Mbona umesimama kama ng'ombe anayeogopa josho?”

“Marahaba. Hizi ngazi zinakimbia, mwanangu.”

Alicheka, akanishika mkono mpaka kwenye basi la mwendokasi, akanipa kiti cha dirishani. Namshukuru sana. Ila kwa kukubali kwangu, mama yake alikufa bila kumwona tena.