Boriti Juu ya Bomba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Ipuli, na sikupata kumwona akimaliza koti kabla ya kumvisha mwenyewe. Alikata kitambaa, akakishikiza kwa uzi mweupe, akamwita mteja, akamgeuza huku na huku, akafumua, akashikiza tena. Akishatia mikono alimwita upya. Wateja walinung'unika kwamba anawapotezea muda, naye aliwajibu kuwa koti likishakwisha halishauriki. Nilikulia chini ya meza ile nikiokota sindano. Kwa hiyo nilipoolewa na mkulima wa tumbaku, nikahamia naye kijiji cha ujamaa, nilibeba vitu viwili vya nyumbani kwetu: ulimi, na kutokuamini kitu ambacho bado hakijavaliwa.

Kijiji chetu kilikuwa kupita Itetemia, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu za wakwe zangu walikuwa wapagazi, na wajukuu walijivunia jambo hilo kuliko mashamba yao. Walinieleza kwamba mpagazi alifunga mzigo wake kwa mikono yake, na hapakuwa na mwenzake aliyeugusa, hata kama fundo lilikuwa limelegea na wote wanaliona. Kumkazia mtu fundo lake ni kumwambia si mwanamume. Misafara ilikuwa imekufa zamani, lakini desturi ilibaki. Mtu akipinda tuta shambani, jirani aliruka tuta lile akaendelea na lake. Mwanzoni nilicheka, nikawatania mashemeji zangu kwa hilo. Baadaye nilianza kuliogopa.

Hofu ilinianza mwaka tulioamua kujenga bani la kijiji. Bani ni nyumba ndefu kwenda juu, haina madirisha. Majani ya tumbaku hufungwa kwenye vijiti na kuning'inizwa humo hadi darini, moto unawaka kwenye jiko lililo nje, na joto linapita ndani kwa mabomba ya bati yaliyolazwa chini. Zamani kila mtu alikuwa na kibani chake. Sasa tungekuwa na moja kubwa, na mavuno ya kwanza ya kaya zote yangeingia humo kwa pamoja. Watu wa upande wa juu walipewa kuta. Watu wa upande wa chini, ambao kiongozi wao alikuwa mume wangu, walipewa jiko na mabomba.

Sitaki mtu aseme kwamba walikuwa wazembe. Mume wangu alikunja mabomba kutoka kwenye mapipa makuukuu, akayaunganisha uwanjani, akachoma nyasi mbichi upande mmoja na kuangalia moshi unatokea wapi. Palipovuja aligonga upya. Wale wa kuta nao walisukuma ukuta wao kwa mabega, wakaumwagia maji, wakaridhika. Kila upande ulijaribu kazi yake, tena vizuri. Nilichokitaka mimi ni kuona vitu hivyo viwili vikivaana kabla hatujaenda mbali.

Wa kuta walikuwa wameacha tundu la bomba, na juu ya tundu wakalaza boriti ya kubeba matofali. Upande wa jiko ulikuwa na mwamba chini, watu wa upande wa chini wakashindwa kuchimba, wakainua jiko. Bomba likapanda. Lilipoingizwa ukutani lilikaa chini ya ile boriti, karibu kabisa, na katikati wakapachika udongo.

"Bomba lako linagusa mti wao," nilimwambia mume wangu.

"Haligusi. Kuna udongo."

"Udongo wa kidole kimoja. Itoeni hiyo boriti."

"Boriti ni yao, mke wangu. Nikiitoa nitakuwa nimewaambia hawajui kujenga."

Nikamwendea kiongozi wa upande wa juu, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa upole, akanisikiliza mpaka mwisho. "Bomba ni la mumeo," akasema. "Akitaka kulishusha, ni hiari yake. Mimi siwezi kumfundisha kazi."

Nilisimama hata mkutanoni. Niliomba tuwashe moto kutwa nzima bani likiwa tupu, kabla ukuta haujakandikwa, tutazame kwa macho. Mwenyekiti akasema majani yanaiva shambani na hayangoji, na kwamba kujaribu kutafanyika siku ya kazi yenyewe. Mtu mmoja nyuma akauliza kama napenda nije na futi ya baba yangu. Watu wakacheka, mume wangu naye akacheka kidogo akiangalia miguu yake. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Ukuta ulikandikwa, na boriti sikuiona tena.

Majani yaliingizwa, kijiji kizima, bani likajaa mpaka juu. Moto wa tumbaku hauwashwi kwa nguvu mara moja. Huanza mdogo, majani yapate kugeuka rangi, kisha unaongezwa, na mwisho kabisa unakuwa mkali ili vikonyo vikauke. Siku za moto mdogo zilipita salama. Harufu tamu ilitanda kijijini na watu walipita kwangu wakiniuliza, "Binti fundi, koti limekaa?" Nilijibu kwamba mikono bado. Walidhani natania.

Moto ulipoongezwa nilianza kwenda kuushika ukuta juu ya tundu. Ulikuwa wa moto kuliko pembeni. Kesho yake ukandiko ulifanya ufa mwembamba, na ukisogeza pua ulisikia harufu ya mti, si ya tumbaku. Methali ya ufa na ukuta kila mtu aliijua, watoto waliisoma shuleni, na watu wazima walikuwa wakiupita ufa wenyewe kwenda kuchota maji. Niliwaonyesha wa juu, wakasema joto la bomba limezidi. Wa chini wakasema ukandiko ni mwepesi.

Nilimwomba mume wangu azime moto. Nilimwomba vibaya, kwa kelele, na kisha kwa kulia.

"Nikizima sasa majani yote yataoza," alisema. "Ya watu wote yamo humo. Tukitoa mzigo huu, nitakwenda mwenyewe kwa yule mzee, tuitoe boriti pamoja. Nakuahidi."

Nilimwamini. Hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Lakini kadiri moto ulivyozidi, majani nayo yalizidi kukauka, na mtoto mdogo angeweza kuona mambo hayo mawili yanakwenda wapi.

Ilikuwa alasiri. Nilimpelekea ugali, nikaukuta mlango wa bani uko wazi. Alikuwa amepanda juu, anavunja vikonyo kusikiliza kama vimekauka. Nilimwita, akaniitikia kwamba anashuka. Nikainama kuweka chungu chini. Nilipoinua uso, ule ufa ulikuwa mwekundu, na ndani kukasikika mvumo kama wa upepo unaoingia kwenye mahindi makavu. Sikumsikia akisema kitu kingine. Watu walikuja mbio na maji, wa juu na wa chini, wakanishika nisiingie.

Kuta hazikuanguka. Paa liliondoka, tumbaku ya kijiji ikawa majivu, na kuta zikabaki zimesimama nyeusi. Tulimzika kabla jua halijazama siku iliyofuata.

Kwenye matanga, wenzake wa upande wa chini walikuja wakaketi mbele yangu, kofia mikononi. Mmoja wao akasema, "Shemeji, tumeyakagua mabomba yake yote. Hayana tundu hata moja." Alisema kunifariji, na ilikuwa kweli. Baadaye akaja yule mzee wa upande wa juu, macho mekundu, akanipa pole, akaniambia kwamba walau ukuta haukumwangukia. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Niliwauliza pale bomba lilipokutana na boriti palikuwa pa nani. Wakatazamana, kila upande ukingoja mwenzake aseme. Niliwasubiri. Chai ikapoa, wakaaga mmoja mmoja, wakaenda zao.