Gilasi Iliyotii

Katika kabati la maabara, rafu ya pili, nyuma ya makopo ya chaki, palikaa gilasi moja ambayo walimu wa sayansi wa shule ile waliiazima kwa foleni. Haikuwa nzuri. Mdomo wake ulikuwa umemeguka kidogo, na ubavuni ilibandikwa utepe uliogawanywa sehemu tano kwa wino mweusi. Lakini ilikuwa na sifa moja iliyoipa heshima kuliko vyombo vyote vya kabati lile: ilitii. Ukisimamisha kipande cha mshumaa kwenye sahani ya maji, ukakiwasha na kukifunika kwa gilasi ile, moto ulizimika na maji yakapanda ndani hadi mstari wa kwanza, hayazidi wala hayapungui. Sehemu moja kati ya tano, kama kitabu kisemavyo. Oksijeni imeliwa na moto, maji yamechukua nafasi yake. Haya, andikeni.

Mwenye gilasi alikuwa mwalimu wa makamo, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Mshumaa. Aliipata gilasi yake kwa jasho. Alijaribu kumi na moja, za kwake na za majirani. Zilizopandisha maji kupita kiasi alizirudisha jikoni, na zilizopandisha kidogo alizirudisha vilevile. Hakuona ubaya wowote. Hata fundi cherehani huitupa sindano isiyoshona.

Kwa kweli hakuajiriwa kufundisha sayansi. Aliajiriwa kwa ajili ya lugha, na lugha aliipenda. Katika mwaka wake wa pili kazini mwalimu wa sayansi alihamishwa katikati ya muhula, na mwalimu mkuu wa siku hizo akamwita, akamkabidhi kitabu kisicho na jalada.

"Sayansi ni kusoma tu, mwalimu. Na wewe kusoma unajua."

Akasoma. Alikariri kurasa kama mtu anayekariri shairi, kwa mikato na vituo vyake, hata watoto wakawa wanatikisa vichwa kwa mahadhi bila kuelewa neno. Alichora figo ubaoni ikapendeza mpaka mwenyewe akarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Ila mtoto akiuliza mkojo unatoka wapi hasa, jibu lilikuwa moja: "Hilo mtalisoma darasa la mbele." Miaka ile ya mwanzo alituma darasa la mbele maswali mengi mno, na walimu wa huko nao waliyasukuma mbele zaidi.

Alikua polepole, kama kucha. Siku moja alinunua figo ya mbuzi buchani, akaipasua juu ya meza ya jikoni, na alipoiona mifereji yake midogo alikaa kitako akacheka peke yake. Mwaka uliofuata aliotesha maharagwe kwenye pamba, mengine dirishani, mengine kabatini, akayapima kwa rula asubuhi na jioni. Alifungua pasi mbovu. Alimsumbua fundi bomba kwa maswali mpaka fundi akamuuliza kama anataka kumnyang'anya kazi. Kufika mwaka wa kumi aligundua kwamba siku nzima imepita, amejibu maswali ya madarasa manne, na kitabu hakijatoka mkobani. Jambo hilo alilificha kama mtu anavyoficha mimba changa.

Lakini katika chumba cha walimu aliendelea kuwa "mwalimu wa lugha tuliyemwazima". Maneno hayo ni ya yule waliyempachika jina la Profesa, mwalimu wa darasa la juu, mwenye shahada ya kemia na koti jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Profesa alisema kwa utani, wote walicheka, na Mwalimu Mshumaa pia alicheka, kicheko cha mdomoni kisichofika moyoni.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya mkuu wa idara ya sayansi. Majina yalikuwa mawili, la Profesa na la Mwalimu Mshumaa. Mkaguzi angekuja kutazama somo moja la kila mmoja, kisha aamue. Somo la Mwalimu Mshumaa lilipangwa Alhamisi. Hakujali sana kiti wala mlango wenye kibao. Alichotaka ni kimoja: baada ya miaka kumi na tisa, mtu mwenye mamlaka aandike kwa mkono wake kwamba huyu ni mwalimu wa sayansi.

Jumapili adhuhuri alitandaza vifaa vyake jikoni ajifue. Upande wa pili wa meza mama mkwe wake, bibi mnene mwenye ulimi mkali, alikuwa anajaza jemu ya moto kwenye chupa za kuuza. Bibi huyu aliishia darasa la nne, na hakuwahi kumsamehe yeyote aliyefika la tano.

"Unachezea nini hapo, mwanangu? Umeme haujakatika."

"Ni jaribio, mama. Tazama." Akawasha, akafunika. Moto ukafifia, ukazima, maji yakapanda hadi mstari wa kwanza. "Umeona? Moto umekula oksijeni, maji yameingia mahali pake."

Mama mkwe alifuta mikono kwenye aproni. Kwenye meza, chupa iliyojazwa mapema ililia *tok*, kifuniko chake kikabonyea ndani. Akaielekezea kidole.

"Na hii je?"

"Hii nini?"

"Hii nayo imenyonya kifuniko. Kila siku zinanyonya. Mimi mshumaa sijaweka humo."

"Hiyo ni kwa sababu uliifunga ikiwa ya moto, mama. Ikipoa, hewa ya ndani inanywea."

"Aa. Na gilasi yako ulipoifunika juu ya moto, ilikuwa baridi?"

Ndani ya kichwa cha mwalimu kitu kilisogea, kama kabati zito linaloburutwa sakafuni.

Alichukua chupa tupu, akaisuuza kwa maji yaliyokuwa yanachemka, akayamwaga yote, akaifudikiza kwenye sahani ya maji. Hakuna mshumaa, hakuna moto. Walisubiri. Maji yakaanza kupanda ndani ya chupa, taratibu, bila haya.

"Sasa hiyo oksijeni kaila nani?" mama mkwe akauliza. "Maana mimi bado sijala mchana."

Akarudia mara nne. Kisha akasimamisha mishumaa mitatu badala ya mmoja na kuifunika kwa gilasi yake tiifu. Safari hii alitazama kwa macho mapya, akaona jambo ambalo bila shaka lilikuwapo siku zote: viputo vilitoroka chini ya mdomo wa gilasi mara tu alipoifunika. Hewa ilikuwa imetanuka kwa joto na nyingine ikakimbia. Moto ulipozima, iliyobaki ikapoa na kunywea, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani. Mishumaa mitatu, joto zaidi. Maji yalipita mstari wa kwanza, yakapita wa pili.

Alikaa kwenye kigoda. Furaha na aibu vilimjia pamoja, vikigombania mlango. Miaka kumi na tisa, watoto arobaini na kitu kila darasa. Na aibu kubwa haikuwa kutojua. Aibu ilikuwa zile gilasi kumi alizozirudisha jikoni. Zilikuwa zinamwambia ukweli, na yeye alizifukuza kwa utovu wa nidhamu.

Jumatano alimkuta Profesa peke yake akisahihisha madaftari, akamweleza yote. Profesa hakuinua hata kichwa.

"Ala! Umegundua leo?"

"Ulikuwa unajua?"

"Tuliambiwa chuoni. Hewa ina oksijeni karibu moja ya tano, hiyo ni kweli, lakini jaribio lile haliipimi. Mshumaa huzima hata kabla oksijeni haijaisha."

"Na ukaendelea kuazima gilasi yangu?"

"Gilasi yako inafaulisha watoto, bibie." Sasa aliweka kalamu chini. "Sikiliza, nakushauri kama mpinzani mwema. Mkaguzi ana karatasi yenye visanduku. Kimojawapo kinasema maji yapande sehemu moja ya tano. Mpe tiki yake, chukua cheo kama ni chako, ukweli utaufundisha mwakani. Ningetaka uanguke ningekuambia upeleke hayo mambo ya jikoni darasani."

Ulikuwa ushauri wa kweli, na ndiyo maana ulimkosesha raha siku nzima.

Alhamisi mkaguzi alifika, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akaketi nyuma ya darasa kwenye dawati lililofanya magoti yake yafike kidevuni. Mwalimu Mshumaa aliwasha mshumaa mmoja, akafunika. Maji yakapanda hadi mstari wa kwanza. Darasa likapiga makofi. Nyuma, kalamu ya mkaguzi ikaweka tiki; aliiona kabisa. Zilibaki dakika kumi na tano. Angeweza kuwaambia wanakili mchoro, na cheo kingekuwa kimekaribia mkononi.

Akapiga moyo konde.

"Haya. Nani anaweza kunikosoa?"

Watoto walikuwa hawajawahi kusikia swali hilo.

"Tukiweka mishumaa mitatu kwenye gilasi hiihii, maji yatafika wapi?"

"Palepale, mwalimu!" alisema msichana wa dawati la mbele, mbishi aliyejulikana shule nzima. "Hewa ni ileile. Oksijeni haiongezeki kwa kuongeza mishumaa."

"Vizuri sana. Hiyo ndiyo akili. Sasa tuone."

Maji yalipita mstari wa pili. Darasa likalipuka. Mmoja alisema mwalimu ameloga maji, mwingine akasema gilasi imebadilishwa, na yule msichana alisimama juu ya kiti, uso umekunjamana kwa hasira. "Haiwezekani! Basi ulichotufundisha mwanzo si kweli!"

"Si kweli," alisema Mwalimu Mshumaa. "Nimewafundisha kaka na dada zenu hivyo kwa miaka mingi. Na gilasi hii niliichagua kwa sababu inatoa jibu la kitabu. Nyingine zilizokataa niliziondoa. Ukichagua shahidi kwa sababu anasema unachotaka, huyo si shahidi tena."

Akatoa chupa na birika la maji ya moto. Dakika chache baadaye maji yalikuwa yanapanda ndani ya chupa isiyojua mshumaa, na watoto arobaini na watatu walikuwa wamemzunguka, wakisukumana, wakibishana juu ya viputo, joto na baridi. Hakuwapa jibu. Waliliokota wenyewe vipandevipande, na kipande cha mwisho alikishika yule mbishi: "Kumbe ni kupoa!"

Kengele ilipolia mkaguzi alikuja mbele. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani.

"Mwalimu, unapinga kitabu mbele ya wanafunzi?"

"Bwana mkaguzi, kitabu kimesema kweli kuhusu hewa. Ila jaribio hili si ushahidi wa kweli hiyo. Nikiwafundisha kuamini ushahidi mbovu kwa sababu jibu ni sahihi, nitakuwa sijawafundisha sayansi."

Mzee akavua koti, akalitundika kwenye kiti. "Nipe kibiriti. Mimi mwenyewe nilifundisha hivi miaka kumi na mmoja." Akafanya kwa mishumaa mitatu, halafu kwa minne, midomo ikihesabu kimyakimya. Alipoondoka pindo la mkono wa shati lake lilikuwa limelowa nta.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Kwenye kufuata andalio la somo alipata alama ya chini kuliko zote alizowahi kupata maishani. Kwenye ufahamu wa maudhui ya sayansi alipata alama zote, na pembeni mkaguzi alikuwa ameandika kwa mkono: *Mwalimu huyu anaijua sayansi.* Jumla ilimzidi Profesa kwa alama moja. Alisoma mstari ule akiwa amesimama kwenye veranda, akausoma tena, akaikunja barua, akaikunjua. Nyumbani mama mkwe alitaka asomewe kwa sauti mara mbili.

"Kwa hiyo," akasema bibi, akijinyoosha kitini, "niliyepandishwa cheo ni mimi."

Kikao cha kwanza cha idara kilikuwa Ijumaa mchana, walimu watano kuizunguka meza ndefu ya maabara. Mkuu mpya wa idara hakuwa na hotuba. Alisema kwamba kabla ya ratiba na vitabu, anaomba kila mmoja ataje kitu kimoja anachokifundisha lakini hakielewi. Yeye angeanza: mpaka leo hajui kwa nini sumaku inavuta chuma na haivuti kijiko cha alumini. Huwa anasema "ndiyo tabia yake" na kupita haraka.

Wengine walitazama kucha zao. Ndipo Profesa, katika koti lake lisilo na kunyanzi hata moja, akainua mkono nusu, kama mwanafunzi anayeogopa kuitwa.

"Umeme," alisema. "Nimeufundisha miaka kumi na minne. Nachora mishale inazunguka. Lakini ndani ya waya, hasa hasa, kunakwenda nini na kwa kasi gani... mimi sijui, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mshumaa alivuta kiti chake karibu na kiti cha Profesa, akakunja mikono ya blauzi.

"Hata mimi sijui," alisema. "Leteni waya na betri."