Mkwaruzo Kwenye Sauti ya Mama

Maikrofoni ile niliinunua kwa kijana mmoja wa mjini Nakuru aliyekuwa anafunga studio yake ili ahamie Eldoret. Ilikuwa nzito, nyeusi, na wavu wake wa mbele ulikuwa umebonyea upande mmoja. Niliitaka kwa ajili ya mama yangu.

Mama anafuga ng'ombe wa maziwa ng'ambo ya Salgaa, na kina mama wenzake katika kikundi chao hupenda kumsikiliza yeye kuliko afisa wa mifugo. Kila mwezi nilikuwa namrekodi akieleza jambo moja, labda jinsi ya kumwachisha ndama kunyonya au dalili za ugonjwa wa kiwele, kisha naituma rekodi kwenye simu zao. Mwanzoni nilitumia simu yangu tu, lakini malori ya barabara kuu yalikuwa yanameza maneno yake. Ndipo nikaona nitafute maikrofoni, niwe namrekodi kwangu, mtaa wa Free Area, anapokuja kunitembelea.

Rekodi ya kwanza ilitoka na mkwaruzo. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu anayepitisha ukucha juu ya karatasi, inakuja mwishoni mwa sentensi halafu inapotea. Nilimpigia simu yule kijana wa studio.

"Madam, hiyo maiki haijawahi kunisumbua," aliniambia. "Angalia waya."

Nikaangalia waya. Niliazima mwingine kwa kwaya ya kanisa letu, nikaujaribu kwa sentensi ya salamu ambayo nilimwomba mama airudie kabla hajarudi kwake. Mkwaruzo ukabaki. Nilifungua wavu, nikatoa sponji ya ndani iliyojaa vumbi, nikaiosha na kuianika. Nilizima friji. Mwishowe nilivaa hedifoni, nikaitikisa maikrofoni pale waya unapochomekwa, nayo ikakwaruza yenyewe bila mtu kusema neno. Nilicheka peke yangu pale mezani.

Fundi wa redio mjini aliifungua mbele yangu, akanionyesha uzi wa shaba uliokuwa umeachia, akauunganisha upya kwa risasi ya kuchomelea. Niliporudi nyumbani nilijirekodi nikihesabu. Safi. Nilimwita mume wangu asome maandishi ya pakiti ya unga, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Safi kabisa. Nikaitikisa, nikaigonga na kidole, hakuna kitu.

Jumamosi iliyofuata mama akaja. Aliketi, akafungua vifungo vya sweta, akaanza kueleza habari ya ndama anayehara. Mwisho wa sentensi ya kwanza, mkwaruzo ukaja.

"Rudia hapo, mama."

Akarudia. Ukaja tena, mahali pale pale.

"Hiyo kitu si ulisema imetengenezwa?"

"Labda ni waya," nikasema.

Nilimwomba aniachie kiti. Nikakaa alipokuwa amekaa, mdomo umbali ule ule, nikayasema maneno yale yale ya ndama. Nikasikiliza. Safi. Nikamrudisha kitini. Mkwaruzo. Tulibadilishana viti mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mama akaanza kuona mchezo huu unachosha. Sijawahi kuomba kifaa changu kiharibike, lakini mchana huo niliomba. Nilikuwa naishika maikrofoni kwa nguvu, naupinda waya, nikitaka inikwaruzie na mimi hata mara moja tu. Haikufanya hivyo.

Baba yangu alikufa kwa saratani ya koromeo. Kwake ilianza na ugali kukataa kushuka, naye akasema ni ugali mgumu, na sisi tukakubali kwamba ni ugali. Tangu hapo, mtu wa nyumbani kwetu akikohoa mezani, wote tunanyamaza mpaka amalize.

Mama alitoka nje kukaa kwenye jua na kuchambua maharagwe. Mimi nilibaki ndani na simu yangu, ambamo nilikuwa nimehifadhi rekodi zake zote za zamani. Nilivaa hedifoni, nikaanza na ile ya mwisho kabla ya kununua maikrofoni. Malori yalikuwa yanapita, mbwa anabweka, na chini yake, ukisikiliza kwa makini, mkwaruzo ulikuwemo. Nikafungua ya mwezi uliotangulia. Ulikuwemo, mdogo zaidi. Nikaendelea kurudi nyuma hadi nikafika mahali sauti ya mama ilikuwa ile ninayoijua, inayotoka bila kugusa chochote. Ilikuwa mbali kuliko nilivyotarajia. 

Nikatoka, nikakaa kando yake kwenye ngazi.

"Mama, koo linakuuma?"

"Ni vumbi. Si unajua ile barabara yetu."

"Tangu lini?"

Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa. "Tangu mvua iishe."

"Mvua gani?"

Akainamia sinia. Alikuwa anachambua tena maharagwe aliyokwisha kuyachambua, na hapo nikajua kwamba alikuwa ameogopa siku nyingi kabla yangu.

"Ningekuambia ungesema twende hospitali," alisema baadaye. "Na mimi nikiingia ile hospitali namwona baba yako kwa kila kitanda."

"Tutaenda ingine."

"Zote ni moja."

Lakini Jumatatu alivaa nguo yake ya kanisani, akatangulia mlangoni. Daktari wa masikio, pua na koo alimwingizia kamera nyembamba kupitia puani. Mama alinishika mkono, mimi nikaangalia kwenye skrini. Niliona nyuzi za sauti zikifunguka na kufungana, nyeupe, na juu ya mmoja kimekaa kitu cha mviringo, chekundu. Kila mama alipoambiwa aseme "iii", kile kitu kilizuia zile nyuzi zisigusane. Hapo ndipo mkwaruzo ulipokuwa unatoka.

"Tutakiondoa, tukipeleke maabara," daktari alisema. Nilimuuliza kinaonekana kuwa nini. Akasema hawezi kukisia.

Baada ya upasuaji mama alikaa kwangu akisubiri majibu, akiwa amekatazwa kuongea, hata kunong'ona. Alikuwa anapiga meza akitaka kitu. Nikiwa jikoni, nisiposikia kitu, niliacha sufuria nikaenda kuchungulia sebuleni. Mume wangu alijaribu kuzungumzia mambo mengine, bei ya nyanya, majirani, akaona hatumsikii, akaacha. Simu ikilia niliiacha ilie kidogo kwanza, maana kabla sijaipokea, hakuna lililokuwa limeamuliwa bado.

Hospitali walipopiga, nilipokelea uani. Dada wa upande wa pili alisoma maneno marefu ambayo sikuyaelewa. Nikamwomba aniambie kwa kifupi.

"Si saratani, madam," alisema. "Ni uvimbe wa kawaida tu. Daktari anasema mama apunguze kuita ng'ombe kwa kelele."

Niliingia ndani nikamwambia mama. Alifunika uso na viganja viwili, mabega yakacheza, na hata kulia alilia bila sauti kama alivyoagizwa.

Siku daktari alipomruhusu kusema, tulikuwa tumeketi kula. Mimi na mume wangu tuliacha vijiko, tukamtazama. Alimeza kwanza. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Chumvi imezidi," akasema.

Sauti ilikuwa nzito kuliko ya zamani, kama ya shangazi fulani ambaye sijawahi kukutana naye, lakini haikukwaruza. Mume wangu akaenda kuleta maji.