Kaseti ya Ng'ombe wa Bibi

Bibi yangu hakujua kusoma, lakini ng'ombe wote wa ukoo wetu alikuwa nao kichwani: rangi zao, mama zao, na nyumba walikolazwa. Kwetu Usukumani ng'ombe hawakai zizi moja. Mmoja unamweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji. Wao wanapata maziwa, na ugonjwa ukiingia haukumalizii wote.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, watu waliotutunzia ng'ombe nao wakahamishwa huku na huko. Baba akaingiwa na hofu: bibi akifumba macho, ng'ombe wetu wamepotea. Alikuwa karani wa pamba hapo Bariadi na aliziamini mno mashine. Akanunua redio kaseti, akamkalisha mama yake kwenye kigoda mbele ya redio hiyo. Bibi akataja ng'ombe upande mzima wa kaseti, huku akiisema mashine.

"Haina adabu hii. Inasikiliza tu, hata haiitikii!"

Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na akili yangu yote iko kwenye dansi. Jumamosi moja redio ikapiga wimbo nilioupenda kufa. Kaseti nyumbani ilikuwa hiyo hiyo moja. Nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi, nikisema nachukua kionjo tu, kisha nikacheza mpaka upande ukaisha. Niliogopa kusema.

Wiki iliyofuata baba alikwenda Mwandoya kuchukua mtamba wetu, nami nimebeba redio kichwani. Mzee aliyemtunza hakuwa na ubaya, ila desturi ilimtaka mwenye mali ataje ukoo wa ng'ombe mbele ya wazee. Baba akabonyeza kitufe kwa maringo. Likalia gitaa. Mzee mmoja mabega yakaanza kumcheza.

"Bhabha," mwenyeji akamwambia baba, "kumbe ng'ombe wako ana bendi?"

Tulirudi mikono mitupu. Njia nzima baba alinitangulia kwa hasira, na nilitamani ardhi inimeze. Bibi alipopewa habari alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniita.

"Mayu, mama yangu, kaa hapa. Mashine imesahau, utakumbuka wewe."

Mwezi mzima, kila jioni tukikamua, nilitaja ng'ombe. Nikikosea, naanza upya na maziwa sipati. Ndipo baba akanirudisha Mwandoya, safari hii bila redio. Nikasimama mbele ya wazee wale wale: mtamba mwekundu, mama yake mweusi wa mgongo mweupe, bibi yake wa madoadoa. Kila nilipotaja mmoja, mwenyeji aliitikia, "Ehee." Nilipomaliza, akafungua zizi.

Kaseti ile ilishaota ukungu zamani. Baba naye alizeeka, na mwaka wake wa mwisho akanisahau kabisa. Alinikaribisha vizuri kama mgeni, akaniuliza nimetoka kwa nani. Roho iliniuma sana. Nikakaa karibu yake nikaanza: mtamba mwekundu, mama yake mweusi wa mgongo mweupe, bibi yake... Hapo nikakosea makusudi, nikasema wa kijivu.

"Madoadoa!" baba akanikatiza. "Wa kijivu alilazwa kule Lagangabilili."

Akanikazia macho, akatabasamu.

"Na wewe, uache kuniwekea dansi kwenye kaseti yangu."