Kayaba za Ndugu Wawili

Jumamosi nilikuwa Riruta kwa mama anayeuza miche kando ya barabara, nikichagua sukuma wiki. Mzee mmoja mwenye ploti Kawangware akaja na tawi la kayaba, ule mti wa miiba tunaopanda uwe fensi, wenye matunda ya kutengeneza jamu. Akaliweka mezani polepole kama ushahidi.

"Uliniuzia miche sita. Miaka mitano, hakuna tunda. Ndugu yangu alipanda zake upande wa pili wa mpaka, zimejaa matunda. Ndege wanakula kwake, wanakuja kulala kwangu."

"Mnaongea na huyo ndugu?" mama akamuuliza.

"Tangu tugawane shamba la mama yetu, hapana. Chifu ametuita, pasta ametuombea. Kila mtu ana fensi yake."

Mama akageuza tawi, akachungulia maua. "Zako ni dume, baba. Dume haizai. Lakini nyuki wanabeba unga wa maua yako wanapeleka kwake. Bila zako, yeye hapati kitu."

Mkono wa mzee ukapanda hewani kama umeshika panga. "Kwa hivyo nikikata?"

"Atakosa. Na wewe utakaa bila fensi."

Mkono ukashuka. "Basi nipe jike."

"Mche mdogo haujulikani. Ngoja utoe maua. Miaka mingine mitano."

Mzee alihesabu vidole, akafika mkono mzima. "Afadhali nimsalimie," akasema, kama mtu anayemeza dawa.

Mama alikuwa ameshaanza kunifungia sukuma. Hakuinua hata kichwa.

"Ukienda, beba ndoo."